Visiwa vya Komoro: ulizia maji kwanza

Nikimwambia mtu kwamba nimetembea Komoro, swali la kwanza huwa ni fukwe. Fukwe zipo, na nyingine ni za kupendeza mno, ila sidhani mtu afunge safari ya Komoro kwa ajili ya mchanga peke yake. Kilichonishika mimi ni ardhi yenyewe: visiwa vinne vilivyoibuliwa na volkano katika mlango wa bahari kati ya Msumbiji na Madagaska, kila kimoja na umri wake. Maore, upande wa kusini mashariki, ndicho kikongwe. Ngazija, kaskazini magharibi, ndicho kitindamimba, na mlima wake ungali hai. Mwali na Nzwani vimekaa katikati, kwa mahali na kwa umri pia.

Huhitaji kuwa mtaalamu wa miamba ili kuutambua umri huo. Uliza tu maji yanakaa wapi. Mimi nililiuliza swali hilo kila nilipoteremka, na karibu kila kivutio nilichopelekwa kukiona kilijieleza kwa jibu lake.

Anza na Ngazija, kwa kuwa huko ndiko jibu linakoshangaza zaidi. Mvua ya Ngazija si ya kubahatisha. Miteremko ya magharibi ya mlima Karthala hupata milimita 5,000 na zaidi kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazikijui hata kwa masimulizi. Hata hivyo, kisiwa kizima hakina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Lava yake bado changa, imejaa matundu na nyufa, na mvua ikishuka inazama moja kwa moja. Huko chini maji matamu hutandaa juu ya maji ya bahari, mazito zaidi, kisha hutokea taratibu ufukweni bahari ikipwa. Visima vya pwani navyo vina ladha ya chumvi. Ndiyo maana vijijini karibu kila nyumba ina birika lake la saruji la kukingia maji ya paa, na ukiingia uani utaliona kabla hujamwona mwenyeji.

Karthala una urefu wa mita 2,361. Kutoka Moroni, mji mkuu, wapandaji wengi huanzia vijiji vya juu kama Mvouni, alfajiri, na kila tone la maji watakalokunywa wanalo mgongoni, maana njiani hakuna chemchemi. Mwongozaji wangu alizikagua chupa zangu moja moja kabla hajakubali tuondoke. Mwanzo unapita katikati ya migomba na mihogo, na udongo mweusi unashika kiatu. Halafu unaingia msitu wa ukungu. Matawi yamefunikwa na kijani kilicholowa, kangaga wameota hadi kwenye vigogo, na ukigusa gome mkono unatoka majimaji ingawa hakuna mvua. Msitu huu ndio unaoyachuja mawingu. Katika mlima ambao hauwezi kushika maji ardhini, miti ndiyo inayoyashika hewani.

Ndani ya msitu huo wamo viumbe ambao hawapatikani penginepo duniani. Yupo bundi mdogo wa Karthala, anayesikika usiku zaidi ya kuonekana. Juu zaidi, miti mirefu inapokwisha na kuacha vichaka vyenye majani membamba magumu, yupo kinengenenge wa Karthala, ndege wa kijanikijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Ulimwengu wake wote ni ukanda ule wa vichaka kileleni mwa mlima mmoja. Nilimtazama akiruka kutoka kichaka hadi kichaka, hatua chache kutoka nilipokaa, na nikafikiria kwamba mlipuko mmoja mkubwa, au moto mmoja wa wachunga ng'ombe, ungeweza kumfuta katika orodha ya viumbe. Nadhani kila anayepanda aambiwe habari za ndege huyu kabla hajaruhusiwa kuwasha jiko.

Kisha vichaka vinaisha ghafla na unajikuta ukingoni mwa bonde kubwa la kilele, lenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, na ndani yake limo shimo lingine, kasoko ya Chahalé. Rangi zote za chini zimekwisha. Zimebaki kijivu, nyeusi na wekundu wa kutu. Tuliteremka tukatembea juu ya sakafu hiyo. Mawe yake ni mepesi, unaliinua lililo kubwa kuliko kichwa chako kwa mkono mmoja, na ukilivunja unaona tundu ndogondogo zilizoachwa na gesi. Mahali fulani palikuwa na ufa mwembamba unaotoa mvuke. Niliweka kiganja juu yake, si karibu sana, na baada ya muda mfupi kikawa kimelowa matone. Pembeni ya ufa huo, na hapo tu, palikuwa na kangaga wachanga wa kijani kibichi, urefu wa kidole. Eneo zima kavu na jeusi, isipokuwa pale pumzi ya mlima inapotoka. Mvua iliyozama ilikuwa inarudi kwa njia hiyo.

Maji hayo yakikutana na moto mwingi kwa wakati mmoja, mambo huwa mengine. Mlipuko wa mwaka 1991 ulikuwa wa mvuke hasa: maji yaliyopashwa moto hadi yakaupasua mwamba. Milipuko mingine imekuja kwa sura tofauti. Mwaka 1903 gesi ya mlima iliua watu 17. Mwaka 1977 lava haikutokea kileleni bali ubavuni, upande wa kusini magharibi, ikateremka mpaka ikakifunika kijiji cha Singani na kuendelea kuelekea baharini. Singani ilijengwa upya, na ukipita barabarani leo unaliona pito lile jeusi.

Mlipuko unaotajwa zaidi na watu wa mashariki ya kisiwa, hata hivyo, ni wa mwaka 2005. Mwezi Aprili mlima ulitema majivu, maelfu ya watu wakakimbia vijiji vyao, na Novemba ukarudia. Nilikaa uani kwa koko mmoja, yaani bibi, upande huo, mwanamke mzima aliyekuwa akipepeta mchele kivulini mwa birika lake. Nilimwuliza kama aliogopa moto.

"Mwanangu, moto hatukuuona," alisema. "Tuliona maji."

Akaugonga ukuta wa birika kwa kiganja. Majivu yaliangukia mapaa, mapaa yakayateremsha kwenye mabirika, na akiba yote ya nyumba ikawa tope la kijivu. Kwenye kisiwa chenye mito watu wangeenda mtoni. Hapa hapakuwa na mto wa kwenda. Maji ya kunywa yakawa ya kuletwa kwa magari, na watu wakajipanga na ndoo. Tangu niyasikie maelezo hayo, sijawahi kuliona birika kama kitu cha kawaida.

Kaskazini mwa kisiwa, karibu na Mitsamiouli, iko kasoko iliyojaa maji kando kabisa ya bahari, mahali panapoitwa Bangoi-Kouni. Wageni hulijua kwa jina la Kifaransa, Lac Salé, nalo ni ziwa la chumvi kweli. Rangi yake hugeuka kadiri jua linavyosogea, kutoka kahawia hadi samawati ya kijani. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji, akapita mgeni mwenye kiu akaomba maji, wakamnyima, na kijiji kizima kikazama. Kwenye kisiwa kisicho na mto, ni wazi kwa nini adhabu kubwa kuliko zote iangukie dhambi hiyo.

Si mbali na hapo, Ivoini, mwamba wa volkano umetokeza baharini kwa meno meno, wakauita mgongo wa joka. Ni kituo cha picha, kinatosha nusu saa. Ufuko wa Chomoni, upande wa mashariki, upe siku nzima. Pale lava nyeusi iliingia baharini na kugandia katikati ya mchanga mweupe wa matumbawe, na ukiogelea kati ya miamba hiyo unapita kwenye mikondo ya baridi isiyotarajiwa. Hayo ni maji matamu ya mlimani yanayotokea chini. Yaonje, utajua.

Lava iliyoingia baharini haikuishia ufukweni. Visiwa hivi ni milima iliyosimama kutoka kilindini, na ubavu wao chini ya maji una kuta za mwinuko mkali na mapango. Humo ndimo anamoishi gombessa, samaki ambaye wanasayansi humwita silakanti. Walidhani jamii yake ilikwisha zamani pamoja na dainosaria, mpaka mmoja aliponaswa pwani ya Afrika Kusini mwezi Desemba 1938. Profesa J.L.B. Smith alimtafuta wa pili kwa miaka 14, akasambaza vikaratasi vya kuahidi zawadi ya pauni 100, na mwaka 1952 mvuvi wa Nzwani akamvua kwa mshipi. Serikali ya Afrika Kusini ilitoa ndege ya kijeshi ikaja mpaka Pamandzi, Maore, kumchukua samaki aliyekufa. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote, na hawakumtamani, kwa sababu nyama yake ina mafuta yasiyolika vizuri. Mwaka 1987 timu ya mtafiti Mjerumani Hans Fricke ilizama kwa chombo maalumu nje ya Ngazija na kumpiga picha akiwa hai kwenye makazi yake. Mchana hukaa mapangoni, mita 150 hadi 250 chini, na usiku hutoka kuwinda. Mtalii hatamwona akiogelea, na asiahidiwe hivyo na yeyote. Atamwona aliyehifadhiwa katika jumba la makumbusho Moroni, ana urefu wa mtoto mkubwa, magamba makubwa yenye mabaka, na mapezi mazito yenye nyama. Mimi nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote mjini.

Maore inataka safari ya peke yake. Komoro huru, iliyojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, inaidai; Ufaransa inaitawala, na tangu 2011 imeifanya mkoa wake kamili. Kwa msafiri maana yake ni kwamba visa ya Komoro haikufikishi huko. Nasema machache tu, kwa sababu inakamilisha hesabu ya umri. Kisiwa hiki kimezeeka hata kimeanza kudidimia, na matumbawe yamepata muda wa kukizungushia mwamba unaofunga bahari tulivu ya zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Sehemu moja mwamba huo ni wa safu mbili, jambo adimu sana duniani. Ngazija haina kitu kama hicho, kwa kuwa ni changa mno. Ajabu ni kwamba moto umerudi ubavuni kwa mzee: Mei 2018 ardhi ya Maore ilianza kutetemeka mfululizo, na mwaka 2019 wanasayansi wakagundua, kilomita 50 hivi mashariki, volkano mpya yenye urefu wa mita 800 na ushei iliyoota kwenye sakafu ya bahari. Imepewa jina la Fani Maoré.

Mwali ndicho kidogo kuliko vyote, na ndicho nilichokipenda. Watu wengi huvuka kwa boti ndogo kutoka Chindini, kusini mwa Ngazija, hadi Hoani. Vaa boya la kujiokolea, na bahari ikichafuka subiri hata kama nahodha anakuhimiza. Mkondo wa pale una historia mbaya. Ukifika, unasikia mara moja kitu ambacho Ngazija hakipo: sauti ya kijito. Hapa lava imezeeka ikageuka udongo, udongo umeziba nyufa, na maji yanakaa juu. Kuna hata ziwa la maji katika kasoko, Dziani Boundouni, ambalo tangu 1995 linatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa maeneo oevu. Mwaka 2001 ilianzishwa hifadhi ya bahari ya Mwali, ya kwanza nchini, na mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kisiwa kama hifadhi ya biosfia, yaani mahali ambapo maumbile hutunzwa pamoja na maisha ya watu.

Kusini, mkabala na Nioumachoua, visiwa vidogo vimekaa juu ya maji safi ambayo unaona matumbawe ukiwa bado kwenye boti. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita na watoto wao. Lakini kama una usiku mmoja tu Mwali, ulale Itsamia.

Itsamia ni kijiji cha mashariki ambako kasa wa kijani hupanda ufukweni mwaka mzima kutaga. Vijana wa kijiji ndio walinzi na ndio waongozaji. Hakuna tochi nyeupe, hakuna kusimama mbele yake, hakuna kuzungumza mpaka aanze kutaga. Tulilala kifudifudi mchangani, nyuma yake. Alichimba kwa mapezi ya nyuma pekee, kwa zamu, la kulia kisha la kushoto, kila moja likijikunja na kuchota mchanga bila kubomoa ukingo wa shimo. Hakuwa anaona anachofanya hata kidogo. Shimo lilipotimia alitulia, akavuta pumzi ndefu iliyosikika kama ya mtu mzima aliyechoka, na mayai yakaanza kuanguka, mawili, matatu, yamelowa na kung'aa. Kasa mmoja huweza kutaga mia na zaidi kwa mara moja. Machoni yalimtoka machozi mazito. Ndivyo mwili wake unavyotoa chumvi. Alipomaliza alifukia, akatawanya mchanga kwa nguvu hata ukatupiga usoni, akageuka kurudi. Kijana aliyetuongoza alisubiri maji yamfike kasa mgongoni ndipo akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya, sasa tuamke." Kasa wa Itsamia wapo kwa sababu kijiji hiki kiliamua, miaka mingi kabla ya hifadhi, kupambana na wachinjaji wa usiku, na ada ndogo unayolipa kwa faranga inaingia kwenye kazi hiyo. Ilipe bila kuvutana bei.

Nzwani nilikiacha mwisho, na ndicho kilichonisumbua zaidi. Ni kisiwa cha milima iliyochongoka, mabonde makali na maporomoko, juu yake Ntringui, mita 1,595, na chini ya kilele hicho ziwa la Dzialandzé ndani ya kasoko iliyozungukwa na msitu. Ukungu hushuka na kupanda juu ya maji yake mara kadhaa kwa asubuhi moja. Mito yake ndiyo iliyolisha mashamba na miji, Mutsamudu ukiwemo. Lakini mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Nilionyeshwa daraja refu lenye mawe matupu chini yake, na wanawake wakifua kwenye dimbwi moja lililosalia.

Ukikiangalia kisiwa kutoka juu, sababu iko wazi. Watu ni wengi, ardhi ni finyu, mashamba yamepanda miteremko hadi pale ambapo mtu analima akiwa ameshika shina kwa mkono mmoja. Halafu kuna mlangilangi. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta ya ua hilo, yanayotumika kwenye manukato ya Ulaya, na asubuhi harufu yake barabarani inakulevya. Maua huchumwa mapema, huingizwa kwenye pipa la kukenekea, na mvuke hupitishwa kwa saa nyingi. Saa hizo zote ni kuni. Nilikaa kwenye kibanda kimoja cha kukenekea, nikaona rundo la magogo lililokuwa refu kuliko mlango, na chupa ya mafuta iliyotoka humo ungeweza kuishika kwa mkono mmoja. Simlaumu mkenekaji, ana watoto wa kusomesha. Nasema tu kwamba anayejipaka manukato hayo Paris anatumia pia mto wa Nzwani.

Katika mabonde ya juu, ambako miti mikubwa imesalia, wanalala popo wa Livingstone. Wapo Nzwani na Mwali tu, na jumla yao haifiki 2,000. Ni weusi, masikio ya mviringo, mabawa yao yakikunjuka hufika karibu mita moja na nusu, na huruka hata mchana, wakielea juu ya hewa inayopanda bondeni. Wanapenda miti mirefu iliyo kwenye miteremko yenye unyevu, mara nyingi juu ya vijito. Hivyo ukitafuta popo unakuta chemchemi, na ukilinda mti wa popo umelinda chemchemi. Shirika la Dahari, lililoanzishwa Nzwani mwaka 2013, linafanya kazi kwa hesabu hiyo hiyo: linakubaliana na wakulima wenye miti hiyo mashambani mwao waiache isimame, na linawasaidia kupanda mingine na kupata mavuno bora kwenye ardhi waliyo nayo.

Mzee aliyenipeleka kwenye mti mmoja wa popo ndiye mwenye shamba lile. Nilimwuliza mbona hakuukata, ni mbao nzuri. Alinionyesha mfereji mdogo uliotoka kwenye mizizi kuelekea kwenye majimbi yake, akasema kaka yake ng'ambo ya bonde aliukata wa kwake, na sasa huja kuchota hapa.

Msimu mzuri wa kwenda ni wa kusi, kuanzia Mei hadi Oktoba: njia za mlima hukauka, na ndipo pia utakapoona mito ipi imebaki. Tafuta waongozaji wa vijijini, si wa hotelini, na uwaombe wakupeleke kwenye chemchemi zao.